Jini la Saa Kumi na Mbili na Nusu

Kwanza muelewe kwamba mi sio mtu wa kompyuta, mi ni karani wa stoo kwenye godauni moja la vifaa vya ujenzi huku Temeke, ila kuna siku printa ilikwama nikachomoa karatasi ikatembea, basi kuanzia hapo kitu chochote chenye waya naitwa mimi.

Sasa bosi wetu, Hajati, mama ambaye shilingi mia yake ikianguka dunia nzima inasimama mpaka ipatikane, akaamua tufunge mtandao wa maana: kompyuta za kaunta, ofisi, na kamera, maana simenti ilikuwa inapungua kimiujiza. Akaja fundi mmoja na karatasi yake ya gharama, waya wa shaba tupu, swichi ya PoE, ile inayopitisha umeme na data kwenye waya mmoja wa mtandao, kila kitu kimepangwa vizuri. Hajati akasoma mpaka chini kwenye jumla, akaikunja ile karatasi, akaitia kwenye mkoba, afu akampigia simu mpwa wake.

Mpwa akaenda Kariakoo akarudi na boksi la waya la mita 305 kaliweka bega moja huku anapiga mluzi. Nikajaribu kulinyanyua, jepesi yani! Nikasema Hajati hili mbona kama lishatumika nusu, akanijibu, "Mwanangu teknolojia inakua, vitu vinapungua uzito." Ubavuni imeandikwa Cat 6, yani daraja la waya wa mtandao, maandishi makuubwa, na pembeni kwa herufi za kusomea na tochi, CCA. Mpwa akasema hiyo ni nembo ya ubora. Bei nusu ya ile ya fundi, jioni hiyo mpwa kanunuliwa chipsi kuku na soda baridi, sisi tunaangalia.

Swichi ya PoE hakununua, akasema ni ujinga wa mafundi. Akachukua adapta za volti 12, umeme akaupitisha kwenye ule ule waya wa kamera kwa vile viunganishi vya elfu chache. Kamera zikawaka zote, Hajati anaangalia godauni kwenye simu akiwa jikoni kwake, anacheka peke yake.

Ikafika magharibi. Adhana imeanza tu, kamera mbili za geti la nyuma zikazima. Zikawaka, zikazima. Zikawaka, zikazima, usiku kucha. Asubuhi jua linatoka hizo hapo zinaona hadi sisimizi. Kesho yake hivo hivo, saa kumi na mbili na nusu jioni kwaheri. Halafu za karibu na ofisi wala hazina habari, zinapiga kazi tu.

Wa kwanza kulaumiwa akawa Babu mlinzi. Akaitwa ofisini, mzee wa watu kakaa kwenye kiti cha plastiki kaapa kwa watoto wake wote na majina yao kwamba hata huo waya haujui unapita wapi. Hajati hajaridhika. Mpwa akabadilisha kamera, ya mbele akaipeleka nyuma, ya nyuma akaileta mbele, na ile iliyokuwa nzima ilivyofika nyuma nayo ikaanza kuzimia. Hapo ndo Hajati akanyanyuka akasema sio bure, eneo la nyuma lina mwenyewe.

Akaletwa mtaalamu. Huyo mtaalamu alikuja saa nne asubuhi, kafukiza ubani mpaka mifuko ya simenti ikapiga chafya, akataka jogoo mweusi, akatangaza kiumbe kimehama, kweli tukaangalia kwenye simu kamera zote zinaonyesha. Kachukua jogoo wake na nauli kaondoka. Angekuja jioni sijui angetuambia nini, maana magharibi ilivyoingia kiumbe kikarudi.

Aliyemaliza mambo ni kijana wa skrepa. Kulikuwa na vipande vya waya vimebaki, Hajati akaona kwa bei ya shaba ilivyo sasa hivi avitupe ya nini, akamsimamisha yule kijana anayepita na mkokoteni akamwambia pima shaba yangu. Kijana hata mzani hakutoa. Kachukua wembe, kakwangua kidogo tu, pale kwenye wekundu pakatokea weupe kama sufuria. "Mama, hii aluminiamu imepakwa shaba juu. Nikupe bei ya masufuria?"

Sijawahi kuona Hajati amenyamaza vile.

Yule fundi wa kwanza akaitwa kwa unyenyekevu mkubwa. Akatueleza kwamba ile CCA ndo hiyo hiyo aluminiamu iliyopakwa shaba, na aluminiamu inabana umeme kuliko shaba kwa zaidi ya nusu, na geti la nyuma ni karibu mita 85 kutoka ofisini, kwaiyo zile volti 12 zinaondoka nzima zinafika zimechoka. Mchana kamera inavumilia. Giza likiingia inawasha zile taa zake za kuonea usiku, inahitaji umeme mwingi zaidi, haupo, inazima, inaamka, inaona bado giza, inawasha taa, inazima tena. Hilo ndo jini letu. Akafunga swichi ya PoE inayosukuma volti 48, akavuta waya mpya, tena Cat 5e, daraja la chini ya Cat 6, ila ya shaba tupu, akasema kamera inatumia megabiti chache, hiyo Cat 6 ya nini, hata kompyuta za kaunta zitapata gigabiti moja yake mpaka mita 100. Mi nakubaliana naye, namba ya kwenye boksi unaiuliza baada ya kukwangua. Mpwa siku hiyo alikuwa na msiba Mkuranga.

Usiku wa kwanza kamera zote ziliona mpaka alfajiri. Asubuhi Hajati kaweka miwani, kafungua simu, na tukaona wote: Babu, saa nne usiku, anatandika maboksi matatu nyuma ya rundo la nondo, anavua viatu anavipanga vizuri, anajifunika koti. Anaamka adhana ya alfajiri. Katikati hapo, saa nane, watu wawili wanapita mbele ya miguu yake na mfuko wa simenti, na mmoja namjua kwa ule mluzi wake ingawa kamera haina sauti, mdomo tu umekaa vile vile.

Babu alinifuata stoo mchana wake, kofia mkononi.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "ule waya wa mwanzo mmeutupa wapi?"