Spektromita ya mfukoni na mahindi ya Busia

Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa hofu ya sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotokana na kuvu, mzigo ulikwama mpakani. Katazo lililegezwa kwa masharti siku chache baadaye, lakini hofu ilibaki. Nani asingetamani kifaa cha mfukoni cha kusema papo hapo Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda: gunia hili lipite, hili lisipite?

Spektromita humulika punje, kisha huchambua mwanga unaorudi, wimbi kwa wimbi. Ile ya maabara huupa mwanga nafasi ndefu ya kutawanyika. Ukiifupisha nafasi hiyo, mawimbi yaliyo karibu huanza kuingiliana. Moduli ya Hamamatsu C12880MA ina gramu 5 hivi tu, ila uwezo wake wa kutenganisha mawimbi ni wa nanomita 15 hivi (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga), na upeo wake ni nanomita 850. Alama kubwa ya maji kwenye nafaka, yaani pale maji yanapofyonza mwanga, iko karibu na nanomita 1450, ambako vitambuzi vya silikoni vya bei nafuu havioni chochote. Vitambuzi vinavyoona huko ni ghali. Texas Instruments walipunguza gharama hiyo katika NIRscan Nano: vioo vidogo mno hupeleka mawimbi ya nanomita 900 hadi 1700 kwa zamu kwenye kitambuzi kimoja. Ni uhandisi wa kuheshimiwa.

Kwa unyevu, basi, kifaa kidogo kinatosha. Alama ya maji ni pana, haidai uchambuzi wa hali ya juu, na kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni asilimia 13.5. Ni kweli zipo mita za umeme za bei nafuu zinazopima unyevu, lakini spektromita, mmuliko uleule, inaweza kukadiria pia protini na wanga. Mnunuzi anayepima ukavu kwa kung'ata punje angeachana na kubahatisha.

Sumukuvu ni kesi nyingine kabisa. Kikomo ni mikrogramu 10 kwa kilo, yaani miligramu 1 katika gunia la kilo 100. Kiasi hicho hakionekani moja kwa moja kwa mwanga huu. Kifaa hukisia kutokana na uharibifu wa kuvu. Tena sumu haikai sawasawa: punje chache zinaweza kuubeba karibu mzigo wote, nacho kifaa huona eneo dogo tu kwa kila mmuliko. Wanaokitetea husema udogo wake unaruhusu kupima mara nyingi, na hapo wana hoja. Lakini kukisia mara nyingi hakugeuki kipimo, na mlaji wa posho (ugali) ndiye atakayelipa kosa.

Linaloniuma zaidi ni urekebishaji, yaani kukifundisha kifaa kwa sampuli ambazo vipimo vyake vinajulikana. Kifaa kilichofundishwa kwa mahindi ya Marekani kinaweza kupotoka kwa mbegu zetu, joto letu na vumbi letu. Kabla ya kununua vifaa kwa wingi, fedha ziende kwanza kwa maabara kama ya Kawanda nchini Uganda, zikusanye sampuli za Masindi, Kiryandongo na Kasese na kuzipima kwa kemia. Mpakani, spektromita ichague magunia ya kutiliwa shaka. Hukumu ya sumukuvu ibaki kwa kipimo cha kemikali.