Sindano yangu imetoboa pistoni mbele ya wageni

Kwa kuwa kuna mtu (anajijua) ameshasambaza kwamba nimeua injini, naomba nitoe habari kamili. Hakuna injini iliyokufa. Injini yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta. Kilichokufa ni heshima yangu.

Nilikuwa nawaonyesha wageni modeli ya kompyuta ya mfumo wa dizeli wa komoni reli: pampu, reli (bomba nene la pamoja linalohifadhi mafuta yenye presha kubwa), mabomba, na nozeli zinazopuliza mafuta kwenye silinda. Jasho langu lote liliishia kwenye mawimbi ya presha. Nozeli ikifunga ghafla, wimbi linakimbia kwenye bomba kwa zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde, na likirudi likakuta nozeli inafungua tena, kiasi cha mafuta yanayoingia kinabadilika. Grafu yangu na ya vipimo vya maabara zilifanana kama pacha. Si ningeishia hapo? Wapi! Nikajitia mjuaji: "Sasa tuangalie sindano ya nozeli, ile inayofungua na kufunga njia ya mafuta, kwa mwendo wa polepole."

Presha kwenye reli, bar 1,600. Koili ikapata umeme. Sindano ikanyanyuka kidogo tu, maana safari yake yote haifiki milimita moja, ikagota juu. Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nikajikohoza kiprofesa. Umeme ukakatwa, sindano ikaanza kushuka ili ifunge. Ikashuka. Ikafika kwenye kiti chake, yaani pale inapotakiwa kukaa na kuziba mafuta.

Ikapita.

Jamani, ikapita! Kiti kilikuwepo kwenye mchoro, kwenye hesabu hakikuwepo. Ikachomoza nje ya ncha ya nozeli, ikaingia kwenye silinda, na huko pistoni ilikuwa imeshapanda hadi juu, haina habari. Ikazama ndani ya pistoni. Springi ikaivuta ikarudi, ikazama tena. Yote hayo polepole, kama nilivyoomba mwenyewe. Nikatafuta kitufe cha kusimamisha, nikabonyeza cha kurudia.

Mgeni mmoja, mpole kabisa, akauliza: "Samahani, hii inadunga mafuta au inadunga pistoni?" (Nawaona mnavyocheka.)

Baadaye nikaweka kizuizi, yaani springi ngumu kupindukia pale kwenye kiti. Sindano sasa inagonga na kusimama. Kompyuta nayo inajikokota, maana kila ikigonga, hesabu inadai hatua za muda ndogo mno. Basi.

Mawimbi ya presha, kwa taarifa yenu, hakuna aliyeyauliza.