Ukinunua Land Rover ya Jeshi Uingereza, Anza na Karatasi

Lile tangazo linazunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp ya wenzetu walioko Uingereza. Land Rover 110 ya jeshi, kijani, "injini haina neno, V5 imeombwa, anayewahi ndiye anayepata". V5 ndiyo kadi ya usajili wa gari kule. Chini ya tangazo watu wazima wanabishana kuhusu rangi, rimu, na kama itafaa shambani Handeni siku ikifika nyumbani. Hakuna aliyeuliza namba ya chasisi. Hakuna aliyeuliza Fomu 654 iko wapi. Na kesho yake kuna mtu atatuma nusu ya bei kama "kishika nafasi".

Jamani.

Gari lililotumikia Wizara ya Ulinzi ya Uingereza halijawahi kuwa na kadi ya kiraia. Liliandikwa kwenye daftari za jeshi, likavaa namba ya jeshi, na DVLA, wasajili wa magari kule Swansea, hawalitambui. Siku linapouzwa, namba ile haina kazi tena barabarani. Kwa hiyo anayekuambia V5 imeombwa ana moja kati ya mawili: amepeleka maombi ambayo hajui kama yatakubaliwa, au hajapeleka kitu. Kwa vyovyote, unachouziwa ni gari lisilo na kadi, ila bei uliyotajiwa ni ya gari lenye kadi. Huyo ni mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limefungwa na dalali.

Karatasi inayotakiwa ni Fomu 654 ya wizara hiyo (MoD). Ndiyo inayothibitisha kwamba gari lilikuwa mali ya jeshi na limetolewa rasmi, na ndiyo inayobeba chasisi na umri wa gari hadi Swansea. Nakala halisi, siyo picha ya simu. Tatizo ni kwamba gari hupita mikono mitatu, minne kabla halijafika kwenye grupu lenu: mkono wa kwanza uliliacha shambani miaka sita bila kulisajili, wa pili ulilinunua ili litolewe spea, na mahali fulani hapo katikati fomu ikabaki kwenye droo ya mtu. Muuzaji atakwambia "utaipata tu ukiwaandikia". Basi awaandikie yeye, na ukae na pesa zako mpaka ijibiwe.

Fomu ikipotea kweli, mlango haujafungwa kabisa. Risiti ya mnada au ya kampuni iliyolinunua moja kwa moja kutoka wizarani, ikiwa na chasisi, inasaidia. Magari ya zamani yana kadi za historia zilizohifadhiwa kwenye kumbukumbu za makumbusho ya kijeshi, na vilabu vya wamiliki vinavyotambulika huandika barua ya kuthibitisha mwaka wa kutengenezwa. Lakini DVLA wasiporidhika na umri au utambulisho wa gari, watakupa pleti inayoanza na Q. Gari la Q linatembea barabarani kama mengine. Siku ya kuliuza ndipo utajua gharama yake, na siku ya kuomba bima utaijua mapema zaidi.

Sasa namba zenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoangukia, na wanaanguka kwa uvivu tu. Gari la jeshi limejaa namba. Kuna namba ya usajili wa kijeshi iliyopakwa rangi kwenye bampa. Kuna namba ya ghala ya NATO yenye tarakimu 13, ambayo ni ya aina ya kifaa: maelfu ya Land Rover zinaweza kuwa nayo ileile. Kuna namba ya mkataba wa ununuzi. Kuna namba ya injini. Halafu, mara nyingi kwenye kibati hichohicho, kuna chasisi. Mtu anaona kibati cha kijeshi ndani ya kabini, ananakili namba ndefu kuliko zote, anaipeleka Swansea, maombi yanarudi. Anaanza kulaani serikali ya Mfalme.

Kwenye 110 na 90 za miaka ya 1980 kuendelea, pamoja na Wolf (Land Rover ya jeshi ya miaka ya 1990) yenye injini ya 300Tdi, tafuta namba ya tarakimu na herufi 17 inayoanza na SALLD. Iko kwenye kibati juu ya sanduku la pedali ya breki ukifungua boneti. Kibati kinafungwa kwa rivet, na rivet hutoboka. Usitosheke nacho. Nenda kwenye fremu, upande wa kulia mbele: namba imegongwa kwenye chuma. Rangi ya jeshi hupakwa tabaka juu ya tabaka na juu yake kuna nta ya kuzuia kutu, hivyo chukua brashi ya waya na kipande cha chaki, sugua, piga picha. Usilete grainda. Ukiikwangua namba hiyo kwa mashine, umejitengenezea mwenyewe kesi ya gari lenye chasisi iliyochezewa. Kibati, fremu na Fomu 654 vikipingana hata kwa herufi moja, ondoka.

Injini ni habari nyingine. Karakana za jeshi zilibadilisha injini nzima badala ya kuikarabati, kwa hiyo namba kwenye karatasi inaweza isilingane na iliyoko kwenye bloku. Hilo si dalili ya wizi. Unaandika iliyopo kwenye bloku, basi.

Fomu ya kuombea usajili ni V55/5, ya gari lililokwisha tumika, na maelezo ya kuijaza yako kwenye V355/5. Msijaze V62! Hiyo ni ya kuomba kadi iliyopotea ya gari ambalo tayari limesajiliwa, ina ada yake, na kwa gari ambalo DVLA hawajawahi kuliona haizai kitu. V55/5 inaambatana na Fomu 654 halisi, nakala za kukuthibitisha wewe na anwani yako, ada ya pauni 55 ya usajili wa kwanza, na kodi ya barabara kulingana na daraja la gari. Ujazo wa injini andikeni kamili: 300Tdi ni 2,495 cc, siyo "2.5". Rangi, ambayo grupu zima liliibishania, ina kisanduku kimoja. Kama gari umelitoa mwenyewe Ujerumani au Uholanzi, kabla ya yote kuna taarifa ya NOVA kwa watu wa kodi, ndani ya siku 14 tangu liingie.

Ukaguzi wa MOT, ule wa usalama wa gari, unatangulia usajili, na karakana inaweza kulikagua kwa namba ya chasisi. Lipeleke juu ya trela. Yanayoliangusha yanajulikana. Fremu inaoza kwenye boriti ya nyuma na kwenye mikono inayoshikilia bodi. Gonga kwa nyundo, usitazame tu, maana ile nta inaficha. Kutu ndani ya sentimita 30 za mahali panapobeba saspensheni, usukani au mikanda inahesabiwa nzito. Magari yaliyokaa Ujerumani na vikosi vya Uingereza mara nyingi yana usukani kushoto, taa kubwa zinazoinamia upande usiofaa Uingereza, na spidomita ya kilomita. Spidomita si ya MOT bali ni ya sheria ya barabara: gari lililoanza kutumika tangu 1 Aprili 1984 lazima lioneshe maili. Tangu 1 Aprili 1980 inatakiwa pia taa ya ukungu nyuma.

Halafu swichi ya taa. Ile ya kijeshi ina nafasi ya msafara wa usiku, ambapo kinachowaka ni kitaa kimoja kidogo kinachomulika difu ya nyuma iliyopakwa nyeupe. Ikiachwa hapo, taa za kawaida hazipati umeme. Fundi wa mtaani anabadilisha balbu zote nne, anapima fyuzi, anakuandikia saa tatu za kazi. Zungusha swichi kwanza.

Na kabla ya kutoa senti, uliza kama ni GS au FFR. GS ni volti 12, inaeleweka na fundi yeyote. FFR ilijengwa kubeba redio, ni volti 24, betri mbili zimeunganishwa mfululizo. Balbu ya volti 12 itaungua papo hapo. Kuisaidia kuwaka kwa gari la jirani haiwezekani. Na kosa linalorudiwa na kila mwenye haraka ni kuchukua volti 12 kutoka betri moja ili awashe redio au achaji simu: betri hiyo inabaki na njaa, ya pili inachajiwa kupita kiasi, na baada ya muda zote zimekufa. Funga kibadilishi cha 24 kwenda 12. FFR ya petroli ina kifaa cha cheche na nyaya zilizofunikwa chuma ili zisisumbue redio, na bei ya spea hizo itakufanya ukumbuke GS uliyoidharau.

Nakubali, shingo upande, kwamba wapo wauzaji waungwana wanaouza gari likiwa limeshasajiliwa na MOT mkononi, na wanatoza zaidi. Walipeni. Tofauti hiyo ya bei inanunua miezi ya usingizi.

Wa London mnanishangaza zaidi. Tangu 29 Agosti 2023 ULEZ, eneo linalotoza magari yanayochafua hewa, imefunika wilaya zote za jiji. Wolf ya 1997 ni dizeli ya zamani, inatozwa pauni 12.50 kila siku inapotembea. Siku tano za kazi ni pauni 62.50, kabla ya mafuta. Gari lililotimiza miaka 40 na kuwekwa kwenye daraja la magari ya kihistoria linasamehewa, na kodi yake ya barabara ni sifuri. Ndiyo maana Lightweight ya Series III, Land Rover nyepesi ya jeshi ya kizazi cha zamani, ambayo ni nzee na ina kelele, inaweza kuwa na akili kuliko Wolf. Ila msamaha huo unasimama juu ya mwaka wa kutengenezwa, na mwaka unathibitishwa na karatasi. Mnaona tunarudi wapi. MOT nayo husamehewa kwa umri huo, kwa tamko la V112, kama gari halijabadilishwa sana ndani ya miaka 30. Likague hata hivyo. Breki za ngoma hazijui kwamba zimesamehewa.

Lori ndiyo kabisa. Leyland DAF ya tani nne haiendeshwi kwa leseni ya kundi B, ambayo mwisho wake ni kilo 3,500. Inataka kundi C, na mwenye leseni ya Tanzania au Kenya hawezi kubadilishana. Ana miezi 12 ya kuendesha magari madogo, baada ya hapo afanye mtihani wa Uingereza. Tairi zake za mbele zikipita miaka 10 ni marufuku tangu 1 Februari 2021, na tairi za jeshi huwa zimekaa ghalani muda mrefu zikiwa na meno mazuri yanayodanganya macho. Soma tarehe ubavuni, tarakimu nne, wiki na mwaka. Na ukiingia nalo London, injini iliyo chini ya Euro IV, kiwango cha Ulaya cha moshi, inatozwa pauni 300 kwa siku. Kwa siku.

Anayetaka kulipeleka nyumbani naye asikilize. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8, chini ya kanuni ya KS 1515, na ujanja wa kusema "limesajiliwa mara ya kwanza mwaka jana" haufui dafu, kwa sababu kanuni inatazama pia pengo kati ya kutengenezwa na kusajiliwa: lisizidi mwaka mmoja. Tanzania inapokea magari ya zamani lakini ina ushuru wa uchakavu, kwa hiyo piga hesabu yako kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kupiga simu kwa wakala wa meli. Na kuna leseni ya Uingereza ya kusafirisha vifaa vya kijeshi: Land Rover aina ya Snatch yenye kinga ya risasi haipandi meli bila hiyo, hata ukiipaka rangi ya waridi.

Kadi ikishatoka, kazi haijaisha. Mtengeneza pleti anayetambulika atataka kuiona kadi pamoja na kitambulisho chako. Kampuni ya bima ilikuandikia kwa chasisi, hivyo wapigie siku hiyohiyo waweke namba mpya, la sivyo kamera za polisi zitakusoma kama huna bima. Na rekodi ya MOT nayo ihamishwe kutoka chasisi kwenda kwenye namba ya usajili.