Jemedari Agoma Kula

Nianze kwa heshima, maana kisa hiki kina baba mkwe ndani yake, na kikimfikia atauliza kama nilianza kwa heshima. Baba mkwe wangu ni mtu mwema. Amestaafu, hadaiwi na mtu, na tangu nimfahamu hajawahi kutoka chumbani akaacha taa inawaka. Kila alichofanya humu alikifanya kwa nia safi kabisa. Heshima imekwisha. Tuendelee.

Binti yangu anafuga mjusi mwenye ndevu. Ni wale ambao asili yao ni nyika kavu za katikati ya Australia, wanaozalishwa sasa na wafugaji duniani kote, ingawa Australia yenyewe ilifunga mlango wa kuwasafirisha nje tangu miaka ya 1960. Wataalamu wanamwita Pogona vitticeps, sisi tunamwita Jemedari. Cheo kilitangulia mwili. Siku alipoletwa alikuwa amezidi penseli kidogo tu kwa urefu, na nusu nzima ya urefu huo ilikuwa mkia. Lakini alikuwa na miiba shingoni, ndizo hizo ndevu zenyewe, uso wa mtu aliyecheleweshewa pensheni, na ulaji wa kuogofya.

Huo ulaji ndio wa kuuelewa. Mjusi wa aina hii akishakua hula majani kwa wingi na wadudu kwa uchache. Akiwa mchanga ni kinyume: wadudu ndio chakula, majani ni mapambo. Anawekewa nyenje mara mbili tatu kwa siku, anaachiwa kama dakika kumi, na humo ndani anafagia chochote chenye miguu. Binti yangu huwakung'uta nyenje kutoka kwenye trei ya mayai wanamoishi, huwatia kwenye mfuko wenye unga wa kalisiamu, akautikisa, wakatoka weupe pe, na kabla hawajajua kilichowapata Jemedari keshafika. Tulizoea kusimama wote kutazama. Ilikuwa burudani ya nyumba.

Basi Baba akaja kututembelea, na wiki hiyohiyo Jemedari akaacha kula. Sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Hakuna mkwe mwenye akili timamu anayeyaunganisha mambo kama hayo.

Hakuacha ghafla. Alianza kula nusu. Kisha akawa anakula mmoja, anamtafuna taratibu, macho kwangu, kama mtu anayeonja chumvi nyumbani kwa watu. Mwishowe nyenje walikatiza mbele ya pua yake bila hofu. Mmoja alimpanda kichwani, akatulia utosini, palepale penye lile doa dogo ambalo ni jicho la tatu la mijusi hawa, lisiloona sura ila mwanga na kivuli. Jemedari hakutikisika. Rangi yake ilikuwa imefifia na kuwa nyeusinyeusi, ndevu zimetiwa masizi. Nyenje akajisafisha vipapasio vyake, akaanza kuimba.

Nyumba ikageuka jopo la madaktari. Mama watoto alisema ni upweke. Mdogo wangu alipiga simu akasema mjusi analala usingizi wa msimu, ameona kwenye video. Binti yangu, ambaye ndiye pekee kati yetu aliyekuwa amesoma, alijibu kwamba ule usingizi ni wa wakubwa, na mtoto wa chini ya mwaka kwa kawaida halali hivyo, na baba mdogo aache video. Akaanza uchunguzi wake. Je, anajivua ngozi? Mjusi anayejivua huweza kususa chakula, lakini ngozi haikuwa na ule weupe wa kutangulia. Je, nyenje ni wakubwa mno? Kanuni ni kwamba mdudu asizidi nafasi iliyopo kati ya macho mawili ya mjusi. Nilimkuta ameshika rula, nyenje mmoja amebanwa kwa koleo, mimi nikaambiwa nimshike mgonjwa asigeuze kichwa. Walienea. Je, anajiona kwenye kioo akadhani ni mpinzani? Tukabandika karatasi pande tatu za tangi lake la kioo. Je, amemeza mchanga ukamziba utumbo? Hatuna mchanga, tunamtandikia vigae. Joto je? Kipimajoto kilichobandikwa kwenye kioo, upande wa ubaridi, kilisema nyuzi 26, kama siku zote. Taa ilikuwa inawaka, tena nyeupe, tena kali kuliko nilivyoikumbuka.

Mimi nikachukua jukumu la ushawishi. Nilikata majani vipande vidogovidogo, nikainama mbele ya tangi, nikaanza kuyala mwenyewe kwa sauti, nikisifu. Jemedari alifumba jicho moja. Nyuma yangu nikasikia mama watoto anasema, "Miaka yote hii mboga ukiziona unazisukuma pembeni ya sahani. Kumbe nilikosea kutokuwa mjusi."

Kitinda mimba wetu, kwa kuguswa na hali, alitoka nje jioni akarudi na chupa. Ndani mlikuwa na kimulimuli. "Huyu anang'aa," akasema, "atamwona vizuri," huku mkono mmoja ukifungua kifuniko cha tangi. Hapo naomba nieleweke. Vimulimuli wana sumu inayoshika moyo, na mmoja tu anaweza kumuua mjusi wa aina hii. Jambo hilo binti yangu alikuwa ameniambia mara nyingi mno kiasi kwamba mwili wangu ulishalihifadhi bila kunishirikisha. Niliruka. Nilipita juu ya meza ndogo, nikapita juu ya miguu ya Baba iliyokuwa imenyooshwa, nikatua kwa kifua, chupa mkononi. Kimulimuli alikuwa mzima. Baba alikunja gazeti akanitazama kwa muda.

"Mkwe," akasema kwa upole, "unalala vizuri siku hizi?"

Katika kuruka kule nilipiga teke boksi la nyenje. Hilo tulilijua usiku.

Wanaoimba ni madume tu, kwa hiyo ukisikia sauti tano jua wamo wengine wasiojitangaza. Waliohama walichagua chumba cha wageni, nyuma ya kabati. Dume la nyenje ana ustadi huu: ukiwasha taa ananyamaza, ukizima anaendelea pale alipoishia. Sasa mpe mchezo huo mtu ambaye hapendi kuwasha taa bila sababu. Saa nane usiku nilimkuta Baba amesimama gizani katikati ya chumba, shuka begani, ndala mkononi, anasikiliza. "Mwanangu," akaninong'oneza, "humu ndani kuna mtu anapiga filimbi." Tulipiga magoti wote wawili kwenye kabati. Tulimpata mmoja. Alikuwa jike.

Asubuhi yake tukampeleka Jemedari kwa daktari wa wanyama, mmoja wa wale wanaowajua reptilia, kwenye boksi lililotandikwa taulo, pamoja na kinyesi chake kidogo kikavu ndani ya kikopo. Daktari alimpima uzito kwa mizani ya gramu. Alikuwa amepungua, si kwa kutisha, lakini mtoto wa mjusi anatakiwa kuongezeka. Akamfungua kinywa, akampapasa tumbo, akakichukua kikopo kwenda kutafuta minyoo na koksidia, vijidudu vya utumbo vinavyowasumbua sana hawa. Jemedari akaachwa mezani chini ya taa ya uchunguzi, taa ya kizamani yenye balbu ya moto, msaidizi wa daktari akimlinda asianguke. Sisi tukakaa tunangoja hukumu.

Kwanza nilidhani ni macho yangu. Weusi ulianza kumtoka. Mgongo ukawa wa rangi ya mchanga, kisha ukaingia umanjano. Akajitandaza bapa kama anayetaka kuipata taa yote peke yake. Baada ya muda akainua kichwa. Akageuka kushoto. Akageuka kulia. Msaidizi yule alikuwa amepaka kucha rangi nyekundu iliyoiva vizuri, na alikuwa akigongagonga meza kwa kidole kimoja, tik, tik, tik.

Sijawahi kuona kitu chenye njaa kikienda kasi hivyo. Msaidizi alipiga ukelele, binti yangu akapiga makofi, daktari akatoka mbio chumba cha pili na kikopo mkononi. Jemedari alikuwa ananing'inia kwenye ukucha, macho yamemtoka, anajaribu kuumeza. Mtu hakuumia, ila rangi ilibanduka. Niliomba radhi kwa niaba ya familia.

"Hamu ya kula anayo," alisema daktari, akimnasua kwa kidole. Kinyesi hakikuwa na neno. "Pale anapootea joto pana nyuzi ngapi?"

"26," nikajibu kwa kujiamini.

"Palepale anapolala, chini ya taa?"

"Kwenye kioo. Upande wa pili."

Alivua miwani. Akatueleza kwamba upande wa pili hautuambii kitu, kwamba mtoto wa mjusi huyu anataka jiwe lenye nyuzi kama 40 chini ya taa, lipimwe juu ya jiwe lenyewe, na upande wa ubaridi ubaki kwenye 20 na kitu ili achague mwenyewe. Mwili wake hautengenezi joto. Bila joto chakula hakisagiki, kinakaa tumboni mpaka kinaharibika, na mjusi akilijua hilo anafunga mdomo. Kumlisha kwa nguvu akiwa baridi ni kumdhuru. Halafu akauliza taa yetu ni ya aina gani. Binti akasema halojeni, wati 75. Daktari akasema, "Mkifika nyumbani, wekeni mkono chini yake."

Tulifika. Nikaweka mkono. Nikausogeza karibu zaidi. Nikaishika balbu yenyewe kwa vidole vitupu, kitu ambacho ukikifanya kwa halojeni inayowaka huwezi kukisimulia kwa utulivu. Ilikuwa vuguvugu. Niliizungusha, ikatoka, nikasoma maandishi: LED, wati 10.

"Aa, umeiona!" ikatoka sauti kwenye kochi. Baba alikuwa ametabasamu mpaka masikio. "Nimekaa nangoja mtu aione. Ile yenu ya zamani ilikuwa inaunguza, nilitaka kuipangusa vumbi ikanichoma. Nikawabadilishia. Mwanga uleule, umeme kidogo."

Nilimtazama mama watoto. Mama watoto akakumbuka kitu jikoni. Nikafungua mdomo, nikatafuta sentensi yenye neno "asante" mwanzoni na neno "mjusi" mwishoni, sikuipata. Binti yangu hakuhangaika.

"Babu, ile si ya mwanga. Ni ya moto. Jemedari bila moto tumbo lake halifanyi kazi."

Baba alinyamaza. Alimtazama Jemedari, Jemedari akamtazama. Kwa mara ya kwanza niliona wanavyofanana sehemu za shingoni, lakini hilo nililiweka moyoni.

"Kumbe ni jiko," akasema hatimaye. "Sasa jiko mnalitundika darini kama taa, mgeni atajuaje? Mngeandika." Akaenda chumbani, akarudi na balbu yetu imefungwa ndani ya soksi safi, maana yeye si mtu wa kutupa kitu. Taa nyingine, ule mrija mrefu wa UVB, mionzi kama ile ya jua, unaomsaidia mjusi kutengeneza vitamini D3, hakuwa ameugusa. Alikiri kwamba ulikuwa kwenye orodha.

Jemedari hakula siku hiyo. Aliota moto tu, kinywa wazi. Kesho yake akala mpaka tukamwekea mara ya pili, na Baba akasimama pamoja nasi kutazama, mikono nyuma, akihesabu.

Tangu hapo ameshika zamu. Alipoelezwa kwamba ile taa inakaa saa 12 kwa siku na usiku inazimwa kabisa, alifurahi hapo penye kuzimwa. Anaiwasha asubuhi mwenyewe, anapima jiwe mwenyewe, jioni anazima mwenyewe kwa saa ya mkononi. Amepiga hesabu pia: wati 75 kwa saa 12 ni uniti 0.9. Karatasi hiyo ameibandika mlangoni.

Juzi nilikuwa nimekaa natazama mpira, dakika za majeruhi, sare, tumepata kona. Mpigaji ameinua mkono. Televisheni ikazima. Nikageuka, nikamkuta Baba amesimama kwenye swichi, kalamu mkononi.

"Tunafidia," akasema. "Jokofu nalo nimelitolea waya, lakini hilo nitalirudisha saa kumi."