Amri ni amri? Kijana wa miaka 23 na mabasi ya Branjevo

Kuna kesi moja siwezi kuiacha, ya Dražen Erdemović, kijana Mkroati aliyekuwa kwenye jeshi la Waserbia wa Bosnia. Tarehe 16 Julai 1995, vita vya Bosnia vikiendelea, siku chache tu baada ya jeshi hilo kuuteka mji wa Srebrenica uliokuwa wa Waislamu, kikosi chao kinapelekwa shamba la Branjevo bila kuambiwa wanaenda kufanya nini, mara mabasi yanaanza kuingia yamejaa wanaume Waislamu, wale wa basi la kwanza wamefungwa mikono na vitambaa machoni, wanashushwa kumi kumi wanapangwa wamegeuza migongo. Erdemović akagoma. Akaambiwa kama unawaonea huruma basi kasimame nao, tukuue na wewe. Ana miaka 23, nyumbani kaacha mke na mtoto mchanga. Akapiga risasi, wakaendelea kutoka kama saa nne asubuhi mpaka saa tisa, mwenyewe alikadiria kaua watu kama 70, na shamba zima kati ya 1,000 na 1,200.

Sasa hapa ndo watu wanagawanyika. Wapo wanaosema dogo angefanyaje, hata angekataa wale hawakuwa wa kupona, ingeongezeka maiti moja tu na mtoto yatima juu. Na hii sio hoja ya kijiweni jamani, jaji Antonio Cassese, kwenye rufaa ya kesi hii katika mahakama ya kimataifa ya uhalifu wa vita vya Yugoslavia kule The Hague, alisimama hapo hapo kwamba sheria haiwezi kumdai mtu wa kawaida awe shujaa. Ila majaji watatu kati ya watano, Oktoba 1997, wakasema hapana, kutishiwa kifo kunapunguza adhabu lakini hakufuti kosa la kuua wasio na hatia. Na msione ni mambo ya Ulaya huko, jopo hilo la rufaa ndo lilikuwa linahudumia pia mahakama ya Arusha ya mauaji ya Rwanda, na Rwanda nako wapo waliosema niliambiwa niue la sivyo nife mimi.

Mimi nipo na wale watatu, lakini kilichonishika zaidi ni mchana wa siku ile ile. Walipomaliza shambani wakaambiwa kuna wengine kama 500 wamefungiwa kwenye ukumbi pale Pilica, kijiji cha jirani, waende wakamalize. Erdemović akakataa, safari hii na wenzake kadhaa nao wakakataa, wakaenda kukaa kwenye mgahawa ng'ambo ya barabara milio inasikika mpaka pale walipokaa, kazi wakaifanya wengine, na siku ile hakuna aliyewagusa. Yaani asubuhi kagoma peke yake akashindwa, mchana wamegoma kadhaa wakaachwa. Kwa hiyo ninaposikia mtu anasema askari hana la kufanya, amri ni amri, nakataa kabisa. Na anayejigamba kwamba yeye angekubali kufa nae simuamini, hajawahi kusimama pale mtoto wake akiwa na miezi tu.

Cha kumtetea kipo. Alienda mwenyewe kuwasimulia waandishi wa habari, akakiri mahakamani, akatoa ushahidi dhidi ya wakubwa. Mwaka 1996 alipewa miaka 10, baada ya rufaa ikashuka hadi 5. Sasa mama ambaye mwanae alikuwa kwenye basi mojawapo umuelezeje hiyo mitano? Mimi maneno sina.

Halafu kuna yule mzee, miaka 50 na kitu au 60, alishuka kwenye basi anasema aliwahi kuwaokoa Waserbia, namba zao za simu anazo. Erdemović akamsogeza pembeni akamuombea kwa aliyekuwa anaongoza, akajibiwa hatutaki shahidi abaki. Mzee akauawa. Kila nikifika hapo nawaza wale wenzake, walikuwepo pale pale, hata mmoja tu angesogea akasema na mimi namuombea, mwacheni huyu.