Ngoma Haina Kitambulisho

Leo alfajiri, saa kumi na moja na nusu, joging klabu imepita chini ya dirisha langu. Watu kama sitini, fulana za njano, filimbi mbili, ngoma moja, na jamaa mwenye sauti ya muuza dagaa anaimbisha. Barabara nzima yao. Bajaji imesimama pembeni kwa adabu kama inapisha jeneza. Nikatoka na msuli wangu, mswaki mdomoni, nikauliza kwa heshima kabisa, "Jamani, kibali mnacho?" Wakanijibu kwa pamoja, kwa wimbo. Sitaurudia. Nyimbo ndizo zilizonifikisha hapa nilipo.

Maana juu ya meza yangu kuna bahasha ya kaki yenye karatasi kumi na nne na mihuri mitano. Yote hiyo ili kina mama wa ukoo wetu watembee na ngoma mita 900, kutoka kwa Bibi mpaka kwa shemeji, kumtoa mwali. Leo, saa kumi jioni.

Nilifika nimechelewa kwenye kikao cha familia, na mnajua anayechelewa kikao hupewa kazi. Shangazi alikuwa ameshuka kutoka Kisarawe na kiroba cha mihogo na msimamo mmoja: mwali wa Kizaramo hatoki kwa MC na spika za kukodi, anatoka kwa mdundiko, ngoma yetu ya kutembea nayo barabarani. Shemeji alitaka matarumbeta juu ya pikapu. Shangazi akamtazama. Shemeji akasema hata yeye mdundiko anaupenda sana, tangu utotoni. Kisha macho yote yakanigeukia. "Baba, wewe si msomi? Katuletee kibali." Msomi mwenyewe nilisomea ufundi bomba.

Basi Jumatatu nikaenda serikali ya mtaa, na jina la mtaa naliweka kibindoni kwa sababu bado naishi hapo. Mtendaji kaenda kikao. Jumanne mtendaji yupo, muhuri ndio umekwenda kikao. Jumatano nikawakuta wote wawili.

Mtendaji ni kijana, kahamishiwa kwetu juzi kutoka kanda ya ziwa, na adabu anayo. Shikamoo mzee, marahaba, akanipa kiti chenye miguu mitatu na tofali. Tatizo ni fomu. Ofisi ina fomu moja tu, kopi ya kopi ya kopi, nayo ni ya maandamano.

"Maandamano haya yanadai nini?"

"Hayadai kitu, baba. Yanamtoa mwali."

"Anatolewa wapi?"

"Ndani."

"Kwani kafungiwa na nani?"

Nikaanza kueleza unyago. Niko kwenye kungwi, akanikatiza kwa upole, akaandika mbele ya Dhumuni: *kumtoa msichana aliyefungiwa ndani.* Nikamwambia ukiandika hivyo watakuja ustawi wa jamii. Akafuta kwa kalamu nyeupe, tukasubiri ikauke. Pale palipokauka akaandika "mambo ya kifamilia", tukasonga mbele.

"Idadi ya washiriki?"

Sasa hapo ndipo mtu mzima nilipoona kazi. Mdundiko hauna idadi! Mdundiko unatoka nyumbani na watu arobaini, ukifika kwa muuza chipsi wako mia, ukifika gengeni hata muuza chipsi yumo. Mimi mwenyewe mwaka 1979 nilitumwa mafuta ya taa pale Magomeni, chupa mkononi. Nikausikia unapita. Nilirudi nyumbani saa tatu usiku, nimeletwa na mtu nisiyemjua kutoka Temeke, chupa ninayo, mafuta sina, kiatu kimoja. Wakati huo kina mama wa mjini mtoto akikosekana hawakuwa wakiuliza polisi. Walikuwa wanauliza, "Mdundiko umeelekea wapi?" Sasa wewe unaniambia niandike idadi.

"Andika tu yoyote," akasema.

Nikaandika 40. Akasema arobaini na sauti ya ngoma haviendani, aandike 60.

"Kiongozi wa msafara, jina na namba ya NIDA."

Nikamwambia mdundiko hauongozwi na mtu, unaongozwa na ngoma. Akasema ngoma haina kitambulisho. Hoja ilikuwa nzito, sikuwa na jibu. Ndivyo nilivyosaini mimi. Hilo naomba mlikumbuke.

Barabara ni ya nani, TANROADS au TARURA? Maana barabara kuu na za mkoa zina mwenyewe, na za mitaani zina mwenyewe. Nikasema kipande cha mbele kina lami, hicho nitauliza. Cha kwetu kilichukuliwa na mvua, kwa sasa kipo ndani ya Msimbazi. Hapo akaacha nafasi wazi.

Kisha akageuza karatasi. Nyuma, chini kabisa, pameandikwa: *Nyimbo zitakazoimbwa. Ambatanisha maneno.*

Jamani.

Usiku ule mimi, mtu mwenye mvi na wajukuu, nikakaa kwenye mkeka mbele ya shangazi yangu na daftari la hesabu la darasa la tatu.

"Shangazi, serikali inaomba maneno ya nyimbo."

"Serikali ipi?"

"Ya mtaa."

"Mwanamume?"

"Mwanamume."

Akacheka mpaka akaletewa maji. Kisha akajikohoza, akakaa vizuri, akaanza. Ubeti wa kwanza ulihusu mchi. Nikaandika. Wa pili ulihusu kinu. Nikaandika, nikidhani tunaelekea kwenye kisamvu. Wa tatu nikaweka kalamu chini nikatazama dari.

"Andika," akasema shangazi, "si umetumwa?"

Nikaandika. Nyumba nzima ilikuwa kimya huko jikoni, lakini kile kimya cha watu waliobana midomo kwa khanga.

Alhamisi asubuhi, stationari. Mwandiko wangu ni wa fundi bomba, kwa hiyo binti wa kompyuta ikabidi asome kila neno kwa sauti ndipo alichape. Nyuma yangu kuna foleni: kijana wa CV, mama wa VICOBA, na mzee mmoja wa kanzu aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha ndoa. "Mchi," anasoma binti. "Mchi wa... mzee hapa umeandika nini? Wa babu?" Nikasema ndiyo, kwa sauti ndogo. "Wa babu. Unatwanga... unatwanga nini, mzee? Sioni vizuri." Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Kijana wa CV kasimamisha simu, anarekodi. Tulipofika ubeti wa tatu yule binti akasoma kimoyomoyo, akanyamaza, akavuta ushungi, akachapa upesi kama anayekimbia mvua. Nikashukuru Mungu. Ndipo yule mzee wa kanzu akainama juu ya bega langu, akavaa miwani, akasoma skrini yote hadi mwisho.

"Ubeti wa tatu umekosea," akasema. "Sivyo unavyoimbwa."

Akausahihisha. Kwa kuuimba.

Elfu tatu na mia tano, pamoja na kopi mbili. Kopi ya tatu sijui nani kaichukua.

Mtendaji alizipokea akaanza kusoma, midomo ikicheza. Ubeti wa kwanza sawa. Wa pili akajikuna. Wa tatu akamwita mhasibu. Mhasibu akamwita mama lishe wa nje, aje na chapati zake. Wakasoma wote watatu kwa niaba ya serikali, mama lishe akiwafafanulia. Mwisho mtendaji akafuta machozi, akarudisha uso wa kazi.

"Mzee, hii hatuwezi kuigonga muhuri."

Nikasema naelewa, baba, maneno yana ukali kidogo.

"Maneno hayana shida. Fomu haina mgeni rasmi."

Tukamwandika mama lishe.

Nilipotoka pale nikampigia mpwa wangu anayesomea sheria, maana kila ukoo sasa una mmoja. Akaniambia, mjomba, mbona unahangaika? Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kifungu cha 43: anayetaka mkutano au maandamano hadharani anapeleka taarifa ya maandishi kwa polisi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla, aseme mahali, saa na dhumuni kwa jumla. Taarifa, mjomba. Si ombi. Hamna neno kibali pale. Nikajiona mrefu. Nikarudi ofisini na kifua mbele, nikamtolea kijana wa watu kifungu chote kwa Kiswahili cha taarifa ya habari.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Ni kweli kabisa, mzee. Sasa lete barua ya kata ya kukuruhusu kutoa taarifa."

Kata, muhuri. Utamaduni, muhuri, na kontrol namba ambayo mtandao uliikataa mara tatu. Nauli za bodaboda sitaji, mama watoto anasoma. Kituoni nikafika saa kumi kasoro dakika tano jioni, shati limelowa, ushindi mkononi. Anayepokea kaenda kunywa chai. Karudi taratibu na kijiti mdomoni, akatazama ukutani, akaandika muda wa kupokea: saa kumi na dakika ishirini. Akahesabu kwa vidole mpaka Jumamosi saa kumi.

"Saa 47 na dakika 40, mzee wangu. Pole."

Mdundiko unaanza kwa kuchelewa siku zote! Hakuna mdundiko katika historia ya mji huu, tangu ukiitwa Mzizima, uliowahi kuanza saa uliyotangaziwa! Nilimwambia hivyo. Nadhani nilimwambia kwa nguvu, maana hata mahabusu walinitazama kwa huruma.

Jana usiku nikawatangazia kina mama kwamba haitawezekana. Shangazi akasema "haya, baba," akaendelea kukuna nazi. Ule upole alioitikia nao ndio ulioninyima usingizi.

Sasa ni saa kumi na nusu. Shati la sare fundi kaliwekea mikono ya mtoto, kitenge elfu 25 kimekwenda, nikiinua mkono linapiga kelele kwapani. Chai iko mezani haina sukari tangu saa tisa. Huko kwa Bibi nasikia kitu kinadunda, na mimi ndiye kiongozi wa msafara, jina na namba ya NIDA, kwa hiyo nimefunga mlango na nasema kutoka chumbani. Mjukuu niliyemtuma sukari hajarudi, na elfu tano yangu nzima anayo.