Waacheni wazee wa Maskati na Kiswahili chao

Juzi kwenye grupu moja la WhatsApp mtu katuma klipu ya mzee wa Kiomani, kavaa kanzu na kofia yake ya kudarizi, anahadithia utoto wake Unguja, na Kiswahili kimenyooka kuliko cha kwangu mimi niliyezaliwa Mwanza. Basi watu wakaanza. "Mmanga huyo, Kiswahili kakitoa wapi." "Si walikimbia wenyewe, wanataka nini tena?" Mmoja kaandika kabisa kwamba Kiswahili ni mali ya Watanzania na wengine wote wanaazima. Nilijibu mistari miwili nikafuta, siku ya pili bado iko kifuani, ndo maana naandika huku.

Mi nimekaa Maskati, mji mkuu wa Omani, miaka minne, nimefika 2014, nilikuwa karani wa stoo kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi. Joto la kule mwezi wa sita mpaka wa nane serikali inasimamisha kazi za nje kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, na hata ndani ya stoo bati linakupikia kichwani. Wikendi ni Ijumaa na Jumamosi. Kwa hiyo mimi mtoto wa kanisani nikawa nasali Ijumaa, pale Ruwi, tumebanana na Wahindi na Wafilipino, alafu Jumapili asubuhi niko kwenye basi la kampuni naenda kazini. Mwezi wangu wa kwanza kule nililia karibu kila Jumapili humo ndani ya basi, nimegeukia dirishani watu wasinione.

Nilipanga chumba cha uani Seeb, pembeni ya Maskati, kwenye nyumba ya familia ya Kiomani. Kodi nilikuwa naongea na kijana wa nyumba, Kiingereza changu na chake vyote vya kuungaunga. Wiki ya tatu nikashikwa na homa, nimekaa mlangoni natetemeka na jua lote lile, nasikia nyuma yangu sauti ya mama mtu mzima: "Weye mtoto, ushakula?"

Jamani. Wiki tatu sijaulizwa kitu kwa Kiswahili na mtu aliyesimama mbele yangu.

Alikuwa bibi yake yule kijana. Nyumba nzima walimwita Bi Mkubwa na mimi nikafuata hivyo hivyo. Akaniletea uji na bilauri ya maji ya ndimu, akakaa kwenye ngazi mpaka nikamaliza, alafu ndo akaniuliza mimi wa wapi. Nikamwambia Mwanza. Akasema ahaa, wa bara, kwa hiyo samaki wajua.

Aliondoka Unguja 1964 baada ya Mapinduzi, ana miaka kumi na moja, yeye na mama yake na kaka zake wawili. Baba hawakumwona tena. Wakapita Mombasa, wakapita Dubai, Omani wameingia baada ya 1970, Sultani Qaboos alipochukua nchi na kuwaita waliokuwa nje warudi wajenge. Nchi nzima wakati ule ilikuwa na shule 3 tu, sasa hawa waliotoka Afrika Mashariki walikuwa wamesoma, Kiingereza wanakijua, wengi wakashika kazi maofisini na hospitalini na mashuleni. Lakini Kiarabu chao kilikuwa kinachechemea, kwa hiyo wenyeji wakawaita Wazinjibari, watu wa kuja. Unguja Wamanga, Omani Wazinjibari. Jaribu kufikiria mtoto wa miaka kumi na moja anabeba hilo mpaka anazeeka nalo.

Na Kiswahili hakukiacha. Hakuna aliyemlipa, hakuna mtihani wala sikukuu ya taifa inayomkumbusha, na kukisema tu sokoni kulimfanya aonekane mgeni, angekitupa mapema maisha yangekuwa mepesi sana kwake. Alikipeleka jikoni. Sebuleni wanaongea Kiarabu na wageni, jikoni yeye na dada zake wa ukoo ni Kiswahili mwanzo mwisho, mbatata, tungule, mkate wa kumimina, "nipe hiyo kawa", "usiharibu nazi hiyo weye". Mi nikisema viazi ananirudisha, mbatata. Nikisema nyanya ananirudisha, tungule. Siku moja nikamwambia Bi Mkubwa sisi kwetu tunasema hivyo, akanijibu taratibu, "Sema, mwanangu, lakini na hili langu lijue." Sijawahi kuambiwa neno la lugha kwa upole namna ile, na mimi nimefundishwa Kiswahili kwa fimbo.

Sasa wewe uliyeko Sinza unamwambia mtu kama huyo anaazima?

Najua mtakachosema, na sitajifanya sikijui. Watawala wa Kiomani wa Unguja walitajirika kwa watumwa na karafuu, soko la watumwa limefungwa 1873, na wengine huko wakianza kusifia Unguja ya zamani hawataki hata uligusie. Nimekaa kwenye mazungumzo ya namna hiyo, nikanyamaza, na mpaka leo najuta kunyamaza. Pia nimekutana na mabinti wa kwetu waliokwenda kufanya kazi za ndani, pasipoti imefungiwa kabatini kwa bosi, mshahara wa miezi haujaonekana. Hilo ni dhambi na lipigiwe kelele kila siku. Ila haya yote hayamgeuzi mtoto aliyepakiwa jahazini usiku kuwa mfanyabiashara wa watumwa. Dai haki ya yule binti, nitadai na wewe, usiniambie haki yake inapatikana kwa kumnyang'anya bibi lugha ya mama yake.

Na tukiachana na siasa, mnasahau tumebebana kiasi gani. Jioni pale Seeb barabarani wanachoma nyama kwenye vijiti na wanaita mishkak, uliza Mwomani yeyote. Halua ndo usiseme.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba wajukuu hawakisemi. Yule kijana wa kodi alikuwa anaelewa kila kitu bibi akimwambia, anajibu Kiarabu. Wakiondoka akina Bi Mkubwa kile Kiswahili cha Unguja ya wakati ule kinaondoka nao, sisi tupo kwenye grupu tunachekana.

Nilipomaliza mkataba 2018 akanipa kazi moja. Niende Unguja, mtaa wa Kiponda, nikautafute mlango wa nyumba yao, nipige picha. Akanielekeza uchochoro kwa uchochoro kama katoka pale asubuhi ile. Mwaka uliofuata nikaenda, nikazunguka Mji Mkongwe saa mbili nzima, nikapata mlango wa nakshi unaofanana na alivyosema, nikapiga picha nikamtumia mjukuu.

Jioni ikaingia meseji ya sauti. Ni yule kijana, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu anaongea Kiswahili, polepole, nyuma yake namsikia bibi anamtajia maneno: "Bibi anasema ahsante sana. Anasema mlango sio huu. Ni wa mbele yake, ulio na mnyororo."

Nimeisikiliza hiyo sauti mara nyingi mno. Desemba hii nimeomba likizo, narudi Kiponda.